Nilivyochakaza Nguo za Maskini

Mlinikatia keki ya kustaafu, mkanipa kadi yenye saini za watu ambao wengine siwajui hata kwa sura, kisha mkaniomba niandike mawili matatu kwa mnaobaki. Leo ni siku ya nne nimekaa mezani hapa Queensbury. Vyeo sitavigusa, na mishahara mnaijua kuliko mimi. Nitaandika kazi. Na nitaandika nikiwa na hasira, kwa sababu nimeingoja itulie tangu ile filamu ya yatima ilipotoka, na haikutulia.

Naandika Kiswahili kwa kuwa ninyi mlioniomba mnakisoma: wa Nairobi, wa Dar, wa Unguja, naona siku hizi mmejaa kwenye mavazi ya filamu hapa London. Pia kwa kuwa mwongozaji nitakayemsema hakisomi. Mkitaka kumtafsiria, ruhusa, ila msimpunguzie.

Kwa aliyeanza juzi: kuna wanaoshona nguo za filamu, na kuna sisi tunaozichakaza. Nguo ikitoka kwa fundi haijaishi, na mwigizaji akiivaa anaonekana kama anakwenda kupiga picha ya pasipoti. Sisi tunaipa miaka. Koti la wiki hii tunaligeuza la miaka kumi, kwa siku mbili, na ikiwezekana kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili.

Nilifika mji huu nikiwa fundi cherehani kutoka Tanga. Kazi niliyoipata ilikuwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu katika chumba kilicho nyuma ya duka la sari, Southall. Mwenye chumba alikuwa Mama Harbhajan, Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, mwanamke mfupi aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na aliyekuwa akiitafuta ya tatu. Baada ya miezi kadhaa ya zipu akanihamishia meza ya ndani, ambako alikuwa akifanya kazi za filamu. Asubuhi hiyo alinipa koti jipya la sufu, lililoshonwa vizuri hadi nikaligeuza ndani nje ili nimwonee wivu fundi wake. Kisha akanipa kikwaruzo cha karoti.

"Sasa haribu," akasema.

Nikamtazama nione kama anatania. "Mama, hili koti ni jipya."

"Ndiyo. Kwa sababu iko mpya, haribu. Hii koti ya mtu nachimba makaburi. Wewe nishaona mtu nachimba makaburi na koti namna hii?"

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani Nakuru, na tangu nishuke kwenye ndege sikuwa nimesikia kitu kitamu zaidi. Lakini koti sikuweza. Kule nilikojifunza kazi, aliyeharibu kitambaa alikaa nje ya karakana siku nzima watu wakimpita na kumcheka. Nililia machozi ya kweli, na Mama Harbhajan akaningoja nimalize, akanishika mkono wenye kikwaruzo na kuuburuta juu ya mshono wa kiwiko. Sufu ikatoa vumbi. Ndivyo nilivyoingia kazini.

Aliyonifundisha ni mengi, nitawapa yanayofaa. Mwili ndio unaochakaza nguo, kwa hiyo anzeni palipo na mwili: kola, ncha za mikono, viwiko, magoti, mdomo wa mfuko. Mkiweka mawe kwenye mifuko ya koti lililolowa na kuliacha likauke likiwa limetundikwa, mifuko italegea kama ya mtu aliyebeba misumari maisha yake yote. Msasa kwa pindo, brashi ya waya kwa sufu, nta ya mshumaa kwa magoti yanayong'aa. Mabegani msipitishe kikwaruzo kamwe; mabega huliwa na jua. Weupe uliozeeka unatoka kwenye chai ya rangi, nyepesi, mara tatu, si nzito mara moja. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuliza kila Jumamosi kikwaruzo chetu kiko wapi, na mimi nilikuwa nikimuuliza karoti anayotaka kukwaruza iko wapi.

Lakini kabla ya kifaa chochote, Mama Harbhajan alikuwa na maswali matatu, na hukuweza kugusa nguo kabla ya kumjibu. Nani navaa? Nafanya kazi gani? Nani nafua? La tatu ndilo aliloling'ang'ania. "Mtu iko na mtu ya kufulia yeye, nguo yake nasema," alikuwa akiniambia. "Mtu peke yake, nguo yake pia nasema. Wewe sikia kwanza, halafu shika msasa." Nimewahi kukaa saa nzima mbele ya fulana ya mvuvi wa Cornwall kwa sababu nilishindwa kumwambia nani anaifua.

Mama Harbhajan alipofariki nilihamia karakana ya Croydon, hii mnayoijua, yenye dirisha linalotetemeka kila tramu ikipita. Nilipewa kazi kubwa na nilizifanya. Lakini nitasema na hili, maana hakuna aliyelisema kwenye ile sherehe ya keki. Kwa miaka mingi kila ilipokuja filamu ya watu maskini, hasa maskini wa kwetu au wa Bara Hindi, mwongozaji alitaka matundu. Alitaka shati lililochanika begani na kuachwa hivyo hivyo, suruali yenye goti wazi, uchafu shingoni. Nami nilichana. Mimi, niliyevaa sare moja ya shule miaka mitatu, ambaye mama yangu aliifua kila Alhamisi na kuipiga pasi ya mkaa, na ambaye sikuwahi kupita mlango wa darasa nikiwa na tundu. Nilijua vizuri kwamba anayeacha tundu wazi ni mtu mwenye shati jingine. Mwenye moja hushona. Nilijua, nikafunga mdomo, nikachana.

Ndipo ikaja ile filamu. Ilikuwa hadithi ya mtu aliye hai, Bwana Raghu, mhandisi mstaafu anayeishi hapa London. Aliachwa mlangoni pa kituo cha yatima kule India akiwa na umri wa miaka mitatu, akapata ufadhili wa masomo, akaishia kujenga madaraja. Filamu ilihusu safari hiyo, kutoka mlangoni hadi darajani. Mwongozaji wake, Julian, alikuwa kijana mwenye adabu nyingi na masikio machache. Alinipa kazi ya shati la yule mtoto, shati moja analolivaa karibu nusu ya filamu, nakala sita, kwa sababu mtoto hukua, huanguka na humwagikiwa.

Bwana Raghu alikuja karakana mwenyewe, kwa tramu, na foronya mkononi. Ndani ya foronya mlikuwa na shati lake la utotoni.

Nimeshika nguo nyingi katika maisha yangu, na lile nililiweka mezani nikanawa mikono kwanza. Lilikuwa pamba nyeupe iliyoelekea maziwa. Kola ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, upande uliochakaa ukaingia ndani. Chini ya makwapa palikuwa na viraka, na nilipotafuta kitambaa chake kilitoka wapi nikakuta pindo la nyuma limekatwa na kufupishwa: shati lilikuwa limejishona kwa nyama yake lenyewe. Juu ya kiraka palikuwa na kiraka kingine, mishono midogo, midogo, ya mtu asiyekuwa na uzi wa kuchezea. Vifungo vitano, kila kimoja na asili yake. Na lilikuwa safi. Hata baada ya miaka yote ile ungeona kwamba lilikuwa likitiwa buluu ya kufulia, ile ya kung'arisha weupe.

"Nani alikuwa akilifua?" nikamuuliza.

Nadhani hakuna mtu wa filamu aliyekuwa amemuuliza swali hilo. "Kamala," akasema. "Mfuaji wa kituo. Tulikuwa watoto sitini na kila mmoja ana shati moja. Jioni tunavua, anafua yote sitini, asubuhi tunavaa. Lililochanika linakuwa limeshonwa. Sikumwona hata siku moja ameketi bila kitu mikononi."

"Nani anamwigiza?"

"Hakuna. Wamemtoa. Walinieleza kwamba hadithi ina watu wengi mno." Aliligusa shati kwa kidole kimoja. "Kwa hiyo amebaki hapa tu. Ninakuomba, mama. Usiniweke kwenye kioo cha sinema nikiwa mchafu. Nikiwa mchafu, yule mwanamke hakuwahi kuwepo."

Nilimwahidi. Naomba mlisome neno hilo polepole: nilimwahidi.

Nilifanya zile nakala sita kwa mkono, kiraka kwa kiraka, nyingine nikizishona hapa nyumbani dirishani. Nilichakura vifungo kwenye makopo katika nusu ya masoko ya London. Nilipitisha chai nyepesi mara tatu, nikazifua, nikazitia buluu, nikazifua tena. Nilipozitundika kwenye bomba la kutundikia nguo pamoja na shati la asili, Wambui alishindwa kutambua lipi ni lipi. Wambui mnamjua, ndiye anayekaa na nguo kwenye seti, pale filamu inapopigwa, na kuhakikisha kila mwigizaji amevaa kilekile alichokuwa amevaa jana. Jicho lake halidanganyiki. Nilivimba kichwa, siwafichi. Kitu pekee kilichotofautisha nakala zangu ni uzi mwekundu mfupi niliouficha ndani ya pindo la kila moja.

Julian alikuja kuzitazama siku ya Alhamisi, asubuhi. Alizipapasa, akasema ni nzuri, nzuri sana, akarudi nyuma hatua mbili na kuinamisha kichwa.

"Tatizo ni kwamba sioni umaskini," akasema.

Nikamwonyesha kola iliyogeuzwa. Nikamwonyesha viraka na mahali vilikotoka. Nikamweleza kwamba umaskini wote umo humo, na mtu aliyepambana nao yumo humo pia. Alinisikiliza kwa adabu zake zote.

"Mtazamaji hatasogea karibu kiasi hicho," akasema. "Lazima aone mara moja kwamba mtoto huyu hana mtu. Nataka bega lichanike. Nataka matope, mafuta. La sivyo anainuka kutoka wapi?"

"Alikuwa na mtu. Alikuwa na Kamala."

"Katika filamu yangu hayuko," akasema Julian, na akaondoka kukimbilia treni.

Saa hiyohiyo simu ikalia. Alikuwa mtayarishaji, akinieleza kwa upole kwamba kama kazi inaniwia ngumu, wapo wengine. Ningesema basi, wapeni hao wengine. Leo nasema hivyo kirahisi. Siku ile damu ilinichemka, nikaibwaga simu, nikashika kikwaruzo. Kama yataharibiwa, nikasema moyoni, yataharibiwa na mimi niliyeyashona. Tazameni ujinga wa mtu mzima! Nilitoa la kwanza kwenye bomba, nikalikwaruza, nikalichana bega, nikalipaka mafuta ya mgando yaliyochanganywa na masizi. La pili. La tatu. Nilikuwa nikisema peke yangu, Kiswahili na Kiingereza, matusi ya lugha zote mbili. La nne nikalipitisha kikwaruzo kolani, nikalishika bega kwa mikono miwili, nikavuta.

Likachanika kwa sauti tofauti. Kitambaa kipya hupiga kelele. Hili lilitoa pumzi tu. Niligeuza pindo. Hapakuwa na uzi mwekundu.

Kawaida ya kazi yetu ni kutundika asili pamoja na nakala, kwenye mwanga mmoja, ili jicho likuonyeshe ulipokosea. Na kawaida nyingine, ambayo Mama Harbhajan angenipiga kofi kwa kuisahau, ni kwamba asili inarudi kabatini kabla hujashika kifaa. Nilikuwa nimeliacha pale kwa sababu nilipenda kuwaona watu wakishindwa kulitofautisha.

Wambui aliniona nimesimama. Akaja, akatazama shati, akanitazama mimi, akaelewa.

"Auntie, keti," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Si unaweza kushona? Wewe unashona mpaka hata mimi sijui ni gani. Shona tu. Honestly, hatajua."

Alisema kweli. Ningelishona siku hiyohiyo na Bwana Raghu asingejua hadi kaburini. Nilikaa na wazo hilo, naona aibu kuwaambia ni kwa muda gani. Ndipo nikampigia.

Alikuja mchana ule. Nilikuwa nimelitandaza shati mezani, bega likiwa wazi, kola ikiwa imetafunwa, na sikuwa nimeondoa yale mengine matatu. Nilimweleza kila kitu bila kujitetea. Nikamwambia kwamba naweza kulishona lisijulikane.

Hakupaza sauti. Alitembea hadi kwenye yale matatu niliyoyapaka masizi, akayatazama moja moja, akarudi.

"Hili umelichana kwa bahati mbaya," akasema. "Yale matatu umeyachana kwa kusudi. Unataka nikukasirikie kwa lipi?"



Alilikunja shati na kulirudisha kwenye foronya. Nilimsihi aniachie nilishone, akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Mkono wako ni mzuri mno. Utamfunika. Kamala alitufundisha wote kushika sindano, nitalishona mwenyewe vibaya." Akaufunga mlango nyuma yake taratibu, na hiyo taratibu yake iliniuma kuliko kama angeubamiza.

Jioni hiyo nilimwandikia Julian kwamba zimebaki nakala tatu safi, kwamba hizo ndizo nitakazotoa, na kwamba sitachakaza nyingine. Nililala nikijiona nimefanya jambo. Jumatatu nilimkabidhi Wambui zile tatu zikiwa zimepigwa pasi, akazipeleka kwenye seti, ghala moja kubwa walikojenga mtaa wa Kihindi kwa mbao na rangi. Kabla ya saa nne akanipigia.

"Auntie, wamechota matope kwa ndoo, wakapaka na mikono. Halafu wakachana ile bega. Nimewaambia hiyo ni shati ya mtu, there's a real person. Wakaniambia nisijali, nyingine ziko." Nilisikia kwamba analia kwa ghadhabu. "Haijawachukua hata dakika tano."

Dakika tano. Mimi majuma matatu, Kamala miaka. Niliomba jina langu liondolewe kwenye orodha ya mwisho wa filamu. Halikuondolewa, lipo, mkitaka mtalisoma. Baada ya hapo hakuna filamu kubwa iliyoniita. Kwa hiyo mnaponipongeza kwa kustaafu, mjue kwamba nilisaidiwa kustaafu.

Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza katikati ya mji, Wambui alinipatia tiketi, nikakaa safu za nyuma. Lile bega lililochanika lilikuwa kila mahali. Karibu yangu mwanamke mmoja alijifuta machozi kila mtoto alipotokea, na kila alipojifuta nilitaka kumwondolea leso. Taa zilipowaka watu walisimama wakapiga makofi. Kisha viti vitatu vikawekwa mbele: cha mwendesha mazungumzo, cha Julian, na cha Bwana Raghu.

"Ulijisikiaje," mwendeshaji akamuuliza Bwana Raghu, "kuuona utoto wako pale juu, yale matambara, ule uchafu wote ulimotoka?"

Bwana Raghu alisogeza kipaza sauti. "Shati langu lilikuwa safi," akasema.

Ukumbi ukacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walidhani mzee anatania, wakampenda zaidi, na hapo ndipo nilipohisi roho inataka kunitoka kwa hasira.

Alingoja wanyamaze. "Lilikuwa safi," akarudia. "Aliyelifua aliitwa Kamala."

"Vizuri sana," akasema mwendeshaji, akamgeukia Julian kumuuliza kuhusu mwanga katika ile sehemu ya soko.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Magoti yangu hayapangi mambo siku hizi. Mtu aliyekuwa akizungusha kipaza sauti alidhani nina swali kwa mwongozaji, akanikimbilia nacho. Watu wakageuka. Julian akanitambua, nikaona tabasamu lake likikwama.

"Mimi ndiye niliyechakaza zile nguo," nikasema. "Nina ombi moja tu. Jina la mama aliyelifua lile shati limepita haraka. Naomba mzee alirudie."

Bwana Raghu alinitafuta kwenye safu za nyuma, mkono juu ya macho kukinga taa. Sijui kama aliniona. Alisimama, akafunga kifungo cha koti lake.

"Kamala," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka.